Injini Kubwa Kuliko Barabara

Kazi yangu ya kwanza kwenye ufundi ilikuwa kukaa. Nilifika gereji ya Mzee Salehe pale Same nimevaa kaptula ya shule, kwa sababu sikuwa na nguo nyingine. Shule yenyewe nilikuwa nimeiacha darasa la sita katikati, kama bolti iliyokatikia kwenye bloki, haitoki wala haiingii. Nikasema shikamoo, natafuta kazi. Akasema marahaba, akanitazama toka kichwani mpaka miguuni, akauliza, "Una kilo ngapi?"

"Sijui, mzee."

"Haidhuru. Kakae pale."

Pale ilikuwa ncha ya gogo la mkaratusi lililolazwa juu ya mapipa. Ncha ya pili kulikuwa na injini ya lori imefungwa kwa mnyororo. Winchi ya gereji ilikuwa imekufa na ya kuibadilisha haikuwepo nchi nzima. Watu wawili walishakaa kwenye gogo, injini iko nusu njia, haipandi. Nikakaa. Ikapanda. Mzee Salehe akasema, "Huyu anafaa. Usishuke mpaka nikwambie." Wanagenzi wengi nimewaambia kwamba niliajiriwa kwa kipaji. Sasa nimestaafu naweza kusema ukweli: niliajiriwa kwa makalio.

Nyie mliobaki gereji mmeniomba niandike mambo ya kazi. Vyeo sitaviongelea. Gereji yetu ilikuwa na vyeo viwili tu, Mzee Salehe na wengine.

Miaka ile kila kitu kilikuwa hakuna. Sukari hakuna, sabuni hakuna, spea ndiyo usiseme. Gasketi tulikata kwenye maboksi ya kartoni, tukazipaka grisi, tukaomba Mungu. Mafuta ya breki yakikosekana, kuna madereva walitia maji ya sabuni, na kwa kuwa sabuni nayo ilikuwa shida, gari likisimama ulijua mwenye nyumba hajafua. Bolti ikikatika hatukuitupa. Tuliichonga ikawa bolti ndogo, ikikatika tena ikawa pini, ikikatika tena Mzee Salehe aliitia mfukoni akasema itapata kazi. Siku tulipomzika, miaka mingi baadaye, nilikuta watu msibani wakishangaa uzito wa koti lake.

Alikuwa mtu wa pale pale mjini, babu zake walikuja na biashara zamani. Alikuwa mwembamba, hacheki, kofia ya kiua kichwani hata akiwa chini ya gari. Mimi ndiye nilikuwa mcheshi wa gereji na yeye ndiye aliyevumilia. Alinifundisha vitu viwili ambavyo nimevitumia mpaka nastaafu. Cha kwanza, masizi. Ukitaka kujua kama chuma mbili zimekaa sawa, unachukua masizi ya chungu, unachanganya na mafuta kidogo, unapaka upande mmoja, unakutanisha, unaachanisha. Palipopata weusi ndipo panapogusana, unapasugua. Unarudia mpaka weusi uenee. Kazi ya kuchosha, lakini masizi hayasemi uongo, na hayakuwahi kuadimika hata miaka ile. Tulikuwa nayo mengi kuliko cha kupika.

Cha pili kilikuwa swali. Mteja akileta gari, kabla ya kufungua boneti, Mzee Salehe aliuliza, "Linakwenda wapi?" Hakuuliza lina nini. Alisema gari la kubeba mchele Kihurio, kule tambarare, na gari la kupanda Mamba, kule milimani, ni wagonjwa wawili, hata wakikohoa sawasawa.

Hivyo ndivyo alivyomuuliza Mzee Eliamani.

Mzee Eliamani alikuwa mkulima wa tangawizi, kwake juu kabisa, kupita Mamba. Mtu mfupi, mpole, amevaa koti la mvua hata jua likiwaka. Alikuwa na pikapu aliyoinunua kwenye shamba la mkonge lililokuwa linakufa. Gari la zamani la Kiingereza, bodi ya bati nene. Sisi tuliliita Mwingereza. Injini yake ilikuwa ya petroli, ndogo, imechoka mpaka ikiwaka unasikia huruma.

"Linakwenda wapi?" Mzee Salehe akauliza.

"Juu."

"Juu wapi?"

Mzee Eliamani akatoka nje ya banda, akanyoosha kidole milimani, kule mawingu yalikokuwa yamekalia. "Pale ambapo huoni," akasema.

Akatueleza. Kuna mpando wa mwisho una kona nyingi zimefuatana, na Mwingereza akifika hapo anakataa. Watu wanashuka wanasukuma. Hata mgonjwa anayepelekwa nyumbani, kama anaweza kusimama, anashuka anasukuma, akifika juu anapanda tena kuwa mgonjwa. Na kurudi chini hawana uhakika kama gari litawaka asubuhi. Mkewe, Nakijwa, alipozidiwa, gari halikuwaka. Alishushwa kwa kitanda mabegani mwa watu, njia yote, mvua inanyesha. Hakufika.

"Fundi," akasema, "sitaki mtu mwingine wa kule kwetu ashuke kwa kitanda. Ndiyo shida yangu. Sina nyingine."

Nilikuwa na utani mdomoni kuhusu wagonjwa wanaosukuma gari. Nikaumeza.

Wakati huo mambo yalikuwa yameanza kufunguka. Ruhusa hii, ruhusa ile, wenye hela wanaleta vitu kutoka nje. Mitumba ya nguo ilitangulia, ikafuata mitumba ya injini. Ukienda Dar unazikuta zimepangwa chini kama viazi. Mzee Eliamani alikaa misimu akikusanya, akauza na ng'ombe, akaleta injini ya dizeli ya lori dogo la Kijapani, pamoja na giaboksi yake. Ilifika juu ya lori la vitunguu. Tulipoimwagia maji, Mzee Salehe aliizunguka. Ilikuwa ndefu, nzito, na nyeusi tii.

"Hii ni ya gari mbili kama lako," akamwambia.

"Basi mimi nitapanda mara mbili," akajibu Mzee Eliamani.

Nyie mnaobadilisha injini siku hizi na winchi ya umeme, sikilizeni. Kwanza urefu. Mjapani hakuingia kwenye chumba cha Mwingereza. Tulisogeza rejeta mbele mpaka ikagusa grili, tukakata bati la mbele ya miguu ya dereva, tukalishona upya. Pili, pa kukalia. Vishikizo vya injini vilikuwa vinatazama kwingine kabisa, ikabidi tukate vile vya zamani kwenye chesisi, tuchonge vipya kwa bamba nene, tuchomelee. Umeme ulikuwa unakuja na kuondoka kama shemeji mwenye madeni, kwa hiyo mshono mmoja tulianza Jumatatu tukamaliza siku niliyoisahau. Tatu, na hapa ndipo gari nyingi zinapofia, kukutanisha giaboksi ya Mjapani na ile boksi ya nyuma ya Mwingereza inayogawa nguvu mbele na nyuma. Tulichonga bamba la katikati kwa tindo na tupa. Likipinda kidogo tu, beringi zinakwisha wiki ya kwanza. Masizi, sugua, masizi, sugua. Nilikuwa mweusi mpaka mke wangu akaniuliza kama nimehamia jikoni kwa mwanamke mwingine.

Siku ya kuiingiza, watu walikaa tena kwenye gogo. Mimi nilishakuwa fundi, kwa hiyo sikukaa, nilielekeza. Nilisikia raha ambayo sijaisikia tena.

Ikawaka. Mwingereza alitetemeka mpaka milango ikafunguka yenyewe. Dereva alikuwa Mbonea, mtoto wa dada yake Mzee Eliamani, kijana mwenye mdomo na kofia ya kugeuza nyuma. Akakanyaga mafuta, akapiga ukelele kama amefunga goli.

Wiki hiyo hiyo akarudi anavutwa na trekta. Hafu shafti imekatika. Hicho ndicho chuma kinachozungusha tairi la nyuma, na cha Mwingereza kilizoea nguvu za kizee. Tukatafuta kigumu zaidi, tukaweka. Akaenda, akarudi, meno ya difu, zile gia za katikati ya ekseli ya nyuma, yamelika. Tukaweka difu nyingine. Akarudi, springi za mbele zimelala kwa uzito. Tukaongeza majani ya springi. Mbonea akaanza kuudhika.

"Mzee Salehe, hii gari mmeitengeneza au mmeiroga?"

"Nguvu haikai mbele, kijana," Mzee Salehe akamwambia toka chini ya gari. "Ikishaingia inatembea, inatafuta kilichochoka. Ukikaza hapa inahamia pale."

Kwa hiyo tukakaza kila mahali. Breki tukafanya zote upya, maana kupanda ni kwa injini lakini kushuka ni kwa breki. Mwisho Mzee Salehe akalizunguka gari na kitambaa mkononi, akaniuliza, "Sasa kilichobaki dhaifu ni kipi?" Nikazunguka na mimi. Nikagonga hapa, nikatikisa pale. Nikasema hakuna. Akasema hata yeye hakioni. Tulikuwa wawili, tumeinama, tunaangalia gari. Hakuna aliyetazama chini ya matairi.

Msimu uliofuata ulikuwa mzuri kiasi kwamba nikiukumbuka naona aibu kwa niaba yake. Mwingereza alipanda zile kona amejaa, watu wamekaa juu ya magunia, hakuna anayeshuka. Tangawizi ilifika sokoni ikiwa na udongo bado mbichi. Mama mmoja alishushwa na uchungu wake, akajifungulia hospitali, mtoto wakamwita Dizeli. Jina la ubatizo ni jingine, lakini nimeonana naye juzi, ni Dizeli mpaka leo. Mzee Eliamani alipita gereji na mkungu wa ndizi. "Kitanda nimekirudisha ndani," akasema. "Nakilalia mwenyewe."

Halafu Mbonea akaja na habari. Alikaa kwenye benchi letu, kofia nyuma, akaomba maji.

"Fundi, tumetengeneza njia mpya."

"Nani?"

"Kijiji. Msaragambo."

Kwa wasiojua, msaragambo ni kazi ya pamoja ya kwetu Upareni. Baragumu likilia, kila nyumba inatoa mtu na jembe. Usipotokea, wanakuja kuchukua kuku au sufuria, na unaikomboa mbele ya watu wote ukicheka kwa uchungu. Mifereji imechimbwa hivyo, shule zimejengwa hivyo. Ni kitu kizuri. Mpare akiitwa msaragambo haulizi mara mbili. Ndiyo uzuri wake, na safari hiyo uzuri huo ndio uliotumaliza.

"Njia mpya ya wapi?" nikauliza.

"Zile kona. Mkutano umesema kona ziliwekwa kwa sababu ya magari dhaifu. Sasa sisi tuna injini. Tumekata moja kwa moja, kutoka chini mpaka juu." Akanyoosha mkono kama anayepiga saluti. "Jana nimepanda na gunia juu, gia ya pili! Wazee wamelia."

Mimi nilicheka. Nikasema kesho mtakata moja kwa moja mpaka mbinguni, mkamsalimie Nuhu. Mzee Salehe hakucheka. Aliweka spana chini.

"Maji yanakwenda wapi?" akauliza.

"Maji gani, mzee?"

"Ya mvua."

Mbonea akanitazama mimi, akamtazama yeye. "Mzee wangu, kwa heshima zote, wewe ni fundi wa magari au wa barabara?"

"Kawaambie wafukie. Wapige baragumu tena, wafukie kabla ya masika."

"Watu wamefanya kazi mpaka mikono imechubuka, mimi niende nikawaambie wafukie? Wataniuliza nimetumwa na nani."

"Waambie Salehe."

"Salehe wa Same, ambaye hajawahi kufika kwetu."

Ilikuwa kweli. Alikuwa ameuliza kila gari linakwenda wapi maisha yake yote, na hakuwahi kupanda hata moja kwenda huko. Akaokota spana. Mbonea akaondoka, na kilichonibaki kichwani ni ule mlio mzuri wa injini ukipotea barabarani.

Masika yakaja. Jamani, maji hayana kona. Ukiyapa njia iliyonyooka yanakushukuru na kuja yote. Ile njia ya mkato ikawa mfereji, mfereji ukawa korongo, na kwa kuwa ilikuwa imeikata barabara ya zamani kwenye kila kona, korongo likala kona zote. Mvua ilipotulia hapakuwa na njia mpya wala ya zamani. Palikuwa na ufa mlimani ambao mtu alishuka kwa kushika mizizi.

Na Mwingereza alikuwa juu. Mbonea alikuwa amempandisha kabla ya mvua ile kubwa, amlaze kwa mjomba wake apumzike.

Walipiga baragumu wakajaza mawe. Mvua iliyofuata ikayashusha. Wakajaza tena. Wilayani walisema fungu halipo. Nimemtafuta huyo fungu maisha yangu yote, sijawahi kumkuta nyumbani. Msaragambo wa tatu walikuja wachache, na waliokuja hawakutazamana. Hata kuku hawakuchukuliwa. Tangawizi ikashuka kwa vichwa, kile kidogo kinachobebeka, nyingine ikaoza.

Injini ikilala bila kuwashwa inakufa. Kwa hiyo nilikuwa napanda mara moja moja, betri kichwani kwenye kata ya kanga ya mke wangu, nikaiwashe Mjapani, ingurume kidogo, nizime, nishuke na betri yangu, maana ya kwao ilikuwa imekufa na ya kuichaji hapakuwa na pa kuipeleka. Watu wa njiani walikuwa wananicheka. "Fundi, umeamua kubeba gari kidogo kidogo?" Nikawajibu kwamba kesho naleta usukani. Lakini nikifika pale, Mzee Eliamani ananiwekea kiti karibu na boneti, tunakaa tunaisikiliza. Hakuwahi kulaumu mtu. Na yeye alikuwa amechimba ile njia, na jembe lake.

"Inawaka vizuri, Fundi," alikuwa anasema.

"Inawaka, mzee."

"Barabara ndiyo haiwaki."

Mara ya mwisho nilikuwa nimefika nusu ya korongo, nikasikia watu wanakuja toka juu. Ile sauti ya watu wanaohesabiana hatua, shika, taratibu, hapo jiwe. Nikajua kabla sijaona. Kitanda kilitokea kwenye ukingo, kimefungwa kwa kamba kwenye miti miwili, na aliyekuwa juu yake amefunikwa koti la mvua.

"Nani?" nikauliza.

"Mjomba," akasema Mbonea. Alikuwa mbele, upande wa kulia, kofia haipo.

Niliweka betri chini, kando ya mgomba. Mtu wa nyuma kushoto alikuwa amechoka, akanipisha. Nikaweka mti begani. Uzito wake ulikuwa mdogo mno, nilishabeba giaboksi zilizomzidi. Tukashuka. Mahali pengine tulikaa chini tukamteleza. Mzee Eliamani akafumbua macho akanitambua.

"Ni wewe, Fundi?"

"Ni mimi, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Umekuwa hafu shafti." Akapumua. "Usikatike."

Nimechekesha watu miaka yote hiyo. Utani mmoja wa maana niliowahi kuusikia kazini niliambiwa na mtu niliyembeba, nikashindwa kucheka. Nikasema sikatiki. Alifika hospitali akiwa hai, tofauti na Nakijwa. Sijui kama hilo linaitwa maendeleo. Alikaa huko siku chache.

Mzee Salehe aliposikia msiba, alifunga gereji, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Akavaa kanzu, akasema twende. Nikamwambia mzee, miguu yako. Akasema, "Nikaone linakokwenda." Tulimpandisha Mzee Eliamani kwake kwa njia ile ile, jeneza mabegani, na Mzee Salehe nyuma kabisa, akipanda kwa mikono na magoti, kanzu imejaa udongo. Alisimama kila mahali palipokuwa na kona.

Barabara ilikuja kutengenezwa, miaka mingi baadaye, upande mwingine wa kilima, na sasa bodaboda zinapita zikipiga muziki. Pikapu bado iko kule. Wametokea watu kununua injini, Mbonea hataki. Kuku wanataga kwenye kiti cha dereva. Nyie vijana mkiletewa gari, mteja anataka injini kubwa, muulizeni linakwenda wapi. Akishajibu msiishie hapo. Kapaoneni, ikiwezekana wakati wa mvua.

Siku ya mazishi, betri niliikuta pale pale kando ya mgomba. Mtu alikuwa ameifunika kwa jani isinyeshewe. Nikaibeba mpaka juu. Baada ya kuzika, watu wamekaa uani, Mbonea akanifuata. Macho mekundu.

"Fundi, iwashe."

"Sasa hivi?"

"Alikuwa anapenda kuisikia."

Nikafunga betri. Kwa kweli niliomba isiwake. Ilikuwa imekaa muda mrefu, unyevunyevu wa kule juu, dizeli ya zamani. Niliomba iwe na kisingizio. Nikageuza ufunguo, ikawaka palepale, bila kukohoa, laini kama siku tuliyoipaka masizi. Milango ikatetemeka. Wanawake wakaanza kulia upya. Mzee Salehe alikuwa amesimama na kofia yake mkononi, kichwa wazi, ananiangalia mimi.

"Zima, Fundi," Mbonea akasema baada ya muda.

"Zima wewe."

Hakuzima. Hakuna aliyezima. Tulikaa uani tukaisikiliza mpaka dizeli ikaisha.